Dk. Williamson wa Mwadui: Hisani ya tajiri na haki ya mchimbaji

Na Mwandishi Wetu, Samuye

WAKAZI wengi wa Samuye na vijiji vingine vya Mkoa wa Shinyanga hawakupata kumwona hayati Dk. John Williamson, lakini jina lake wanalifahamu, kwa kuwa ndilo lililopewa mgodi wa almasi wa Mwadui aliougundua mwaka 1940.

Dk. Williamson alizaliwa Februari 10, 1907 katika jimbo la Quebec, Canada. Alisomea jiolojia katika Chuo Kikuu cha McGill hadi kutunukiwa shahada ya uzamivu, kisha akaja Afrika kutafuta madini. Hapa Tanganyika alihangaika kwa miaka kadhaa, akiandamwa na malaria na ukata, hadi alipoupata mwamba wa Mwadui.

Mwaka 1947 mgodi huo ulitoa almasi ya rangi ya waridi yenye uzito wa karati 54.5, ambayo alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza alipofunga ndoa.

Palipokuwa pori, tajiri huyo alijenga mji wenye nyumba za wafanyakazi, hospitali, shule, maji na umeme. Hata hivyo, neema hiyo ilitegemea moyo wa mtu mmoja.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1940, serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya fidia kwa wafanyakazi, iliyokuja kujulikana kama Sura ya 263. Ilimtaka mwajiri amlipe aliyeumia kazini, na aliyeumia alipaswa kumdai mwajiri wake. Viwango vyake viliachwa nyuma na wakati: hadi sheria hiyo inafikia ukingoni, fidia ya kifo haikuzidi Sh. 83,000, na ya ulemavu wa kudumu Sh. 108,000.

Dk. Williamson alifariki dunia Januari 8, 1958 kwa saratani ya koo, akiwa na umri wa miaka 50, na akazikwa Mwadui. Hakuwa ameoa. Mwaka huo huo ndugu zake waliuza mgodi kwa kampuni ya De Beers na Serikali ya Tanganyika, nusu kwa nusu. Tangu hapo umebadilisha wamiliki zaidi ya mara moja.

Tajiri hufa na mgodi huuzwa, lakini mguu uliokatika hauoti tena. Ndiyo maana sheria mpya ya mwaka 2008 iliiondoa fidia mikononi mwa mwajiri mmoja mmoja. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi Julai 2015, huchangiwa na waajiri pekee; mfanyakazi hakatwi hata senti. Mfuko hulipia matibabu, ujira uliopotea, pensheni ya ulemavu, mazishi na pensheni ya wategemezi. Dai hupaswa kuwasilishwa ndani ya miezi 12.

Lakini katika maduara ya wachimbaji wadogo, kuanzia Shinyanga hadi Geita, wengi hufanya kazi bila mkataba, wakilipwa kwa mgawo wa mawe. Duara likititia, familia hubaki kumtazama usoni mwenye duara, ikisubiri huruma yake.

Kwao, zaidi ya miaka 60 baada ya Dk. Williamson kuzikwa, hisani bado haijawa haki.