Mkono wa Mtakatifu Fransisko Ksaveri

Mara nyingi tunaulizwa kama sisi Wakatoliki tunaabudu mifupa. Tumtazame Mtakatifu Fransisko Ksaveri.

Alizaliwa Navarra mwaka 1506, akawa mmoja wa Wayesuiti wa kwanza. Safarini kwenda India alitua Msumbiji na Malindi, pwani yetu hii, akafika Goa Mei 1542. Kusini mwa India alibatiza watu wengi mno hata mkono wake ukaishiwa nguvu. Mwenyewe aliwaandikia wenzake habari hiyo. Akaenda hadi Japani. Alifariki tarehe 3 Desemba 1552 katika kisiwa cha Shangchuan, mlangoni pa China, nchi aliyotamani sana kuingia asifanikiwe.

Walimzika kwa chokaa ili nyama iishe upesi na mifupa isafirishwe. Walipofukua miezi michache baadaye, waliukuta mwili haujaoza, wakaupeleka Malaka, kisha Goa. Mwaka 1614 mkuu wa Wayesuiti aliagiza mkono wa kuume ukatwe, upelekwe Roma, katika kanisa la Gesù. Jambo hilo linatushtua kidogo, hatufichi. Lakini ulichaguliwa mkono ule uliobatiza, na hapo ndipo jibu letu lilipo: anayeabudiwa ni Mungu peke yake, ila mwili uliomtumikia, ambao tunatumaini utafufuka, hatuwezi kuuhesabu kuwa takataka.

Mwili wenyewe uko Goa, katika Basilika ya Bom Jesus, nao umekauka sana. Takriban kila miaka kumi hushushwa ili watu wauone, na katika foleni Wahindu husimama pamoja na Wakristo.