Akii-Bua: Bingwa wa Olimpiki aliyeonja maisha ya ukimbizi

Na Mwandishi Wetu, Kasulu

KATIKA wilaya za Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, mkimbizi si mtu wa kusomwa magazetini tu. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa Kasulu mwaka 1996 kuwapokea Wakongo, na ile ya Nduta, Kibondo, ilifunguliwa upya mwaka 2015 kuwapokea Warundi. Waliovuka mpaka walikuwa wakulima, mafundi, walimu na wanafunzi, na kila mmoja alikuja na historia ambayo mwenyeji wake hakuijua.

Mmoja wa wanamichezo wakubwa kabisa waliopata kutokea Afrika Mashariki naye aliwahi kubeba jina hilo la mkimbizi, ingawa si Kigoma bali nchini Kenya. Huyo ni hayati John Akii-Bua wa Uganda, bingwa wa Olimpiki wa mbio za mita 400 kuruka viunzi.

Akii-Bua alizaliwa Desemba 3, 1949, katika eneo la Lango, kaskazini mwa Uganda. Baba yake alikuwa chifu mwenye wake wengi na watoto 43. Mzee huyo alipofariki dunia, kijana John aliacha masomo, akafanya kazi katika baa ya ndugu yake, kisha akajiunga na Jeshi la Polisi.

Ni polisi walikotambua kipaji chake. Alianza na viunzi vya mita 110, lakini kocha Mwingereza, Malcolm Arnold, aliyefika Uganda mwaka 1968, alimshawishi ahamie mita 400. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 1970, mjini Edinburgh, alishika nafasi ya nne. Hakukata tamaa. Alirudi nyumbani akazidisha mazoezi, akipanda vilima na kuruka viunzi huku amevaa fulana maalumu yenye uzito wa takriban kilo 11.

Jasho hilo halikupotea bure. Septemba 2, 1972, mjini Munich, Ujerumani Magharibi, alipangiwa njia ya kwanza katika fainali. Wakimbiaji wengi huiogopa njia hiyo kwa sababu kona zake ni kali kuliko za njia nyingine. Aliyepewa nafasi kubwa alikuwa Mwingereza David Hemery, bingwa wa mwaka 1968 na mwenye rekodi ya dunia ya sekunde 48.12.

Hemery alitoka kwa kasi, lakini walipomaliza kona ya mwisho Akii-Bua alikuwa amempita. Alimaliza kwa sekunde 47.82, akawa binadamu wa kwanza kukimbia mbio hizo chini ya sekunde 48. Mmarekani Ralph Mann alikuwa wa pili, Hemery wa tatu. Hiyo ilikuwa medali ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki kwa Uganda. Badala ya kuanguka chini kwa uchovu, Akii-Bua aliendelea kuzunguka uwanja akiwapungia watazamaji na kuruka viunzi visivyokuwapo.

Nyumbani alipokewa kishujaa. Serikali ya Idi Amin ilimpandisha cheo na kumzawadia nyumba, na barabara moja ya Kampala ikapewa jina lake. Hata hivyo, Akii-Bua alikuwa Mlango, kabila la Milton Obote, rais aliyepinduliwa na Amin mwaka 1971 na kupewa hifadhi Tanzania. Septemba hiyo hiyo ya 1972, wafuasi wa Obote waliivamia Uganda kutokea Tanzania na kushindwa. Walango wengi waliandamwa na kuuawa, wakiwamo ndugu wa bingwa huyo. Dhahabu ilimkinga yeye, haikuwakinga wa nyumbani kwake.

Mwaka 1973 alitwaa dhahabu ya Michezo ya Afrika mjini Lagos. Mwaka 1976 alikuwa akutane na Mmarekani Edwin Moses mjini Montreal, lakini nchi nyingi za Afrika, Uganda ikiwamo, ziliisusia michezo hiyo kwa sababu New Zealand ilikuwa imepeleka timu ya raga kwa makaburu wa Afrika Kusini. Moses alishinda na kuivunja rekodi ya Akii-Bua. Mpambano uliosubiriwa na wengi haukufanyika.

Kisha vikaja vita vya Kagera. Majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda yalipoikaribia Kampala mwaka 1979, Akii-Bua alikuwa njia panda: kwa askari wa Amin alikuwa Mlango, na kwa maadui wa Amin alikuwa ofisa wa polisi aliyetunukiwa na utawala huo. Alikimbilia Kenya na familia yake. Huko mkewe alijifungua kabla ya wakati, na mtoto akafariki dunia. Bingwa wa Olimpiki akajikuta katika kambi ya wakimbizi.

Alipotambuliwa, kampuni ya Puma ilimsaidia kuhamia Ujerumani Magharibi, akafanya kazi makao makuu yake, mjini Herzogenaurach. Alishiriki Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, akaishia nusu fainali. Mwaka 1983 alirudi Uganda, akawa ofisa wa polisi na kocha wa vijana.

Alifariki dunia Juni 20, 1997, akiwa na umri wa miaka 47. Alikuwa mjane, na aliacha watoto 11. Uganda ilisubiri hadi mwaka 2012, miaka 40 baada ya Munich, kupata dhahabu nyingine ya Olimpiki, pale Stephen Kiprotich aliposhinda marathoni mjini London.

Wahenga walisema hujafa hujaumbika. Akii-Bua alitolewa kambini kwa sababu jina lake lilijulikana Ulaya. Wengi waliopita Nyarugusu na Nduta hawakuwa na jina la namna hiyo, wala hakuna aliyewahi kupima kasi ya watoto wao.