Margaret Fell

Margaret Fell (pia Margaret Fox, Marsh Grange, Uingereza, 1614 – Swarthmoor Hall, 23 Aprili 1702) alikuwa mwandishi na mmoja wa waanzilishi wa Jumuiya ya Marafiki, dhehebu la Kikristo ambalo wafuasi wake hujulikana pia kwa jina la Wakweka. Anakumbukwa hasa kwa kijitabu cha mwaka 1666 alichokitoa akiwa mfungwa ili kutetea haki ya wanawake kuhubiri. Marafiki wengi humhesabu kuwa mama wa jumuiya yao, ambayo ilifika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902. Leo Kenya ni kati ya nchi zenye Marafiki wengi zaidi duniani.

Mara nyingi hutajwa tu kama mke wa mhubiri George Fox. Lakini ndoa hiyo ilifungwa alipokuwa na umri wa miaka kama 55, na wakati huo maandiko yake yaliyo maarufu zaidi yalikuwa yameshachapishwa.

Ujana na ndoa ya kwanza

Alizaliwa kwa jina la Margaret Askew katika familia yenye mashamba huko Furness, kaskazini magharibi mwa Uingereza. Mwaka 1632 aliolewa na mwanasheria Thomas Fell, aliyemzidi umri kwa miaka kama 16, akahamia nyumbani kwake Swarthmoor Hall, karibu na mji wa Ulverston. Walizaa watoto tisa, na wanane kati yao walikua: mabinti saba na mvulana mmoja. Thomas Fell alikuwa mbunge, kisha jaji aliyezunguka kusikiliza kesi, kwa hiyo mara nyingi mke ndiye aliyesimamia nyumba na mali.

Kukutana na George Fox

Mwaka 1652 Fox, aliyekuwa na umri wa miaka 27, alifika Swarthmoor wakati jaji akiwa safarini. Siku chache baadaye alizungumza katika kanisa la Ulverston, akawauliza waumini kama waliyajua wenyewe rohoni mwao yale waliyoyasoma katika Biblia. Margaret alisimama kwenye benchi lake kumsikiliza, kisha akaketi akalia. Baadaye alieleza kwamba siku ile alijiona kama mwizi, mtu aliyechukua maneno ya manabii na mitume bila kuwa na yale waliyokuwa nayo wao.

Jaji aliporudi, majirani walimlaki njiani na kumwambia kwamba familia yake imerogwa. Alimsikiliza Fox kwa utulivu. Yeye mwenyewe hakujiunga kamwe, lakini aliruhusu Marafiki wasali nyumbani kwake, na kwa cheo chake hakuna aliyethubutu kuwagusa pale alipokuwa hai.

Kituo cha barua

Wahubiri wa Marafiki walizunguka Uingereza nzima, wake kwa waume, na wengi waliishia gerezani. Walimwandikia Margaret Fell kutoka huko: nani amekamatwa, nani hana viatu, mji gani umewapokea. Naye aliwajibu, akanakili barua za mmoja na kuwapelekea wengine. Kuanzia mwaka 1654 kulikuwa pia na mfuko wa fedha katika mji wa Kendal, ulioanzishwa kwa juhudi yake, wa kuwasaidia wasafiri na wafungwa.

Muhimu zaidi kwa wanahistoria, barua hizo zilitunzwa. Zaidi ya elfu moja zimebaki hadi leo na huhifadhiwa katika maktaba ya Marafiki mjini London. Bila makaratasi ya Swarthmoor, miaka ya kwanza ya Marafiki ingejulikana zaidi kutokana na maneno ya mahakimu na wapinzani wao.

Vijitabu vya kwanza

Katika miaka hiyo London ilifurika vijitabu vya dini na siasa, na Marafiki waliutumia uchapaji kuliko karibu vikundi vyote vya aina yao. Vingi vya vitabu vyao vilitolewa na Giles Calvert, mwuza vitabu karibu na kanisa kuu la Mt. Paulo. Maandishi ya Fell yalianza kutoka mwaka 1655.

Mwaka 1656 alitoa vijitabu viwili kwa ajili ya Wayahudi, kimojawapo kikielekezwa kwa rabi Menasseh ben Israel wa Amsterdam, aliyekuwa amefika London kuomba Wayahudi waruhusiwe tena kuishi Uingereza. Kijitabu cha pili kilitafsiriwa kwa Kiebrania nchini Uholanzi. Baadhi ya wataalamu hudhani kwamba mtafsiri alikuwa kijana Baruch Spinoza, aliyefukuzwa katika sinagogi la Amsterdam mwaka huohuo 1656. Wengine hawakubali, na jambo hilo halijathibitishwa.

Mbele ya mfalme

Thomas Fell alifariki mwaka 1658, na kinga yake ikaondoka naye. Mwaka 1660, baada ya ufalme kurudishwa, Fox alikamatwa ndani ya Swarthmoor Hall yenyewe. Margaret alisafiri hadi London, akaonana na mfalme Charles II, na mwezi Juni akamkabidhi tamko aliloliandika kwa niaba ya Marafiki wote. Lilieleza kwamba hawatumii silaha kwa sababu yoyote ile na kwamba wanateswa bila kosa. Fox na wenzake walitia sahihi kulithibitisha, nalo likachapishwa. Tamko linalotajwa zaidi kuhusu msimamo wa Marafiki wa kukataa vita ni la Januari 1661, lakini la Fell lilitangulia kwa miezi kadhaa.

Kifungo na utetezi wa wanawake

Mwaka 1664 alishtakiwa kwa kufanya mikutano ya ibada nyumbani kwake na kukataa kula kiapo cha utii kwa mfalme. Hakupinga utii wenyewe. Alishikilia kwamba Kristo alikataza kuapa. Mahakama ilimhukumu kifungo cha maisha na kunyang'anywa mali yake. Aliwekwa katika ngome ya Lancaster hadi mwaka 1668, alipoachiliwa kwa amri ya mfalme. Pigo moja lilitoka ndani ya nyumba: mwanawe wa pekee, George Fell, hakuwa Rafiki, na mwaka 1665 mali ya mama yake ilipewa yeye.

Huko gerezani aliandika Women's Speaking Justified, kijitabu kisichofika kurasa 20. Sheria ya mwaka 1662 ilidai kila kitabu kipate kibali kabla ya kuchapishwa, na Marafiki hawakutarajia kukipata. Ukurasa wa kwanza ulitaja London na mwaka 1666 tu, bila jina la mchapaji. Toleo lililoongezwa lilifuata mwaka 1667.

Hoja zake zote zinatoka katika Biblia. Anaanza na kitabu cha Mwanzo: Mungu aliumba mwanamume na mwanamke kwa mfano wake bila kuwatofautisha. Anawakumbusha wasomaji kwamba habari ya ufufuko ililetwa na wanawake, na wanaume waliipokea kutoka kwao. Kuhusu Paulo, aliyeandika kwamba wanawake wanyamaze kanisani, anaonyesha kuwa katika waraka uleule kwa Wakorintho mtume huyo anaeleza jinsi mwanamke anavyopaswa kufunika kichwa anaposali au kutabiri. Asingeweka utaratibu wa jambo alilolikataza kabisa. Kwake katazo lile liliwahusu watu waliovuruga ibada ya Korintho. Kali zaidi ni hoja yake dhidi ya mapadri wa Kianglikana: wanasoma ibadani maneno ya Bikira Maria na ya Elisabeti, wanahubiri juu yake na kulipwa, kisha wanawafunga midomo wanawake walio hai.

Hakuwa wa kwanza. Priscilla Cotton na Mary Cole waliandika juu ya suala hilo mwaka 1655, nao wakiwa kifungoni. Wala hakudai usawa katika siasa au mali. Alitetea wale walioongozwa na Roho Mtakatifu kusema.

Ndoa na Fox na miaka ya mwisho

Tarehe 27 Oktoba 1669 aliolewa na Fox mjini Bristol. Kabla ya hapo Fox aliwauliza mabinti zake kama wanaridhia, na akakataa haki yoyote juu ya mali ya mke wake. Waliishi pamoja kwa vipindi vifupi tu, kwa sababu ya safari na vifungo. Margaret mwenyewe alirudishwa gerezani mwaka 1670. Katika miaka ya 1670 Fox alisimulia kumbukumbu zake, na mwandishi wake alikuwa Thomas Lower, mume wa binti mmoja wa Margaret. Zilihaririwa na Thomas Ellwood na kutolewa mwaka 1694, miaka mitatu baada ya kifo cha Fox, pamoja na ushuhuda wa mjane wake. Katika ushuhuda huo ndimo anamosimulia siku ile ya Ulverston.

Alipokuwa na umri wa zaidi ya miaka 80 aliandika tena, safari hii akiwapinga Marafiki wenzake. Baadhi yao walikuwa wameanza kudai waumini wote wavae nguo za namna na rangi moja. Yeye aliona ni upuuzi, na ni kurudi kwenye sheria za nje ambazo Marafiki waliziacha tangu mwanzo. Hawakumfuata: mavazi hayo yaliendelea kuwatambulisha kwa zaidi ya karne moja.

Alizikwa Sunbrick, kaburi lake likiwa bila alama kama ilivyokuwa desturi yao. Maandiko yake yalikusanywa katika kitabu cha zaidi ya kurasa 500 kilichotolewa London mwaka 1710 na kiwanda cha familia ya Sowle, ambacho wakati huo kiliendeshwa na mwanamke, Tace Sowle.