Charlotte Brontë: Mwandishi Mwenye Haya na Sitara ya Lakabu

Charlotte Brontë alizaliwa mwaka 1816 huko Thornton, Yorkshire, akakulia Haworth, ambako baba yake alikuwa kasisi wa Kanisa la Anglikana. Wasomaji wa Jane Eyre aghalabu humdhania kuwa jasiri mithili ya mhusika wake. Kwa hakika alikuwa mtu wa haya nyingi, ambaye mbele ya wageni maneno yalimkauka. Tunashikilia kwamba alijifunza kujitangaza kwa kalamu, na kwamba jina lake alilifichua pale tu alipokabiliwa na jambo zito kuliko umaarufu.

Mwaka 1837 Robert Southey, mshairi rasmi wa ufalme, alimjibu kwamba fasihi haiwezi kuwa shughuli ya maisha ya mwanamke. Hata hivyo, mwaka 1846 yeye na wadogo zake, Emily na Anne, waligharimia uchapishaji wa diwani yao kwa lakabu za Currer, Ellis na Acton Bell. Katika mwaka wa kwanza ziliuzwa nakala 2. Charlotte akawapelekea Wordsworth, Tennyson, De Quincey na wengineo nakala za diwani hiyo, pamoja na barua iliyoifanyia mzaha hasara yenyewe. Alikuwa amegundua namna ya kupiga hodi bila kuonesha uso.

Jane Eyre ilipotoka Oktoba 1847, wahakiki walibishana iwapo Currer Bell ni mwanamume au mwanamke. (Mwanaisimu hawezi kupita hapa bila kutua: kiambishi chetu a- kingalimsitiri, ilhali viwakilishi vya Kiingereza vilimlazimisha kila mhakiki kuchagua.)

Mwaka 1848 mchapishaji wa Emily na Anne alidai kuwa akina Bell wote ni mtu mmoja. Smith, Elder, waliomchapisha Charlotte, wakataka maelezo. Yeye na Anne walitembea hadi Keighley katika dhoruba, wakapanda treni ya usiku kwenda London, wakajitambulisha kwa George Smith. Emily alichukizwa na kufichuliwa huko.

Kufikia Mei 1849 ndugu yao Branwell, Emily na Anne walikuwa wamefariki. Bado wapo waliodhani kuwa Wuthering Heights ni kazi ya Charlotte. Katika toleo la mwaka 1850 aliwataja wadogo zake na kueleza maisha yao. Yamkini huu ndio uamuzi wake mgumu kuliko yote: kumrudishia Emily riwaya yake kulimaanisha kuvunja siri ambayo Emily aliitaka idumu.

Barazani hakufuzu kamwe. Karamu aliyoandaliwa na Thackeray mwaka 1850 ilidorora kwa ukimya wake, hata mwenyeji akatoroka kwenda klabuni. Mwaka uliofuata, baada ya mhadhara, Thackeray alimtambulisha kwa sauti kuwa ndiye Jane Eyre. Kesho yake Charlotte alimkaripia ana kwa ana.

Villette ilipokuwa tayari, alikubali icheleweshwe hadi mwishoni mwa Januari 1853 ili isigongane na Ruth, riwaya ya rafiki yake Elizabeth Gaskell. Charlotte alifariki mwaka 1855, na ni Gaskell huyo huyo aliyeandika wasifu wake, uliotoka mwaka 1857, kwa ombi la baba yake Charlotte.