Bibi Zaynab bint Jahsh na Kazi ya Mkono Wake

Imetufikia habari kuwa baadhi ya mama na dada zetu, walipoanza kukusanyika baada ya adhuhuri katika nyumba ya mmoja wao ili kushona kanzu na mifarishi ya mayatima, walisemwa. Mmoja alisema kuwa sindano ni kazi ya mwenye dhiki, na mwanamke wa nyumba yenye heshima haimpendezi kuwashonea watu wengine. Mwengine alisema kuwa mwenye kutaka kutoa sadaka na atoe fedha za mumewe, asijichoshe macho. Hatukupenda kuwajibu wasemaji hao kwa maneno yetu. Tumeona ni bora tuyaeleze maisha ya bibi ambaye kwa nasaba hakuna nyumba katika miji yetu iwezayo kujilinganisha na yake, naye mkono wake ulikuwa na alama za kazi mpaka siku aliyokufa.

Bibi huyo ni Zaynab bint Jahsh (r.a.), mke wa Mtume S.A.W. Babake alikuwa mtu wa kabila la Bani Asad bin Khuzayma, na mamake ni Umayma binti Abdulmuttalib, shangazi yake Mtume. Jina lake la kwanza lilikuwa Barra, maana yake mwema; Mtume akalibadilisha akamwita Zaynab, kwani hakupenda mtu ajisifu kwa jina lake. Yeye na ndugu zake walisilimu mapema wakahamia Madina. Nduguye Abdallah bin Jahsh aliuawa katika vita vya Uhud mwaka wa 3 wa Hijra (625), akazikwa pamoja na mjomba wake Hamza katika kaburi moja.

Mtume alimposea Zayd bin Haritha, mtumwa aliyeachwa huru. Bibi Zaynab alichukia mwanzoni, na nduguye pia alichukia, kwa kuwa waliitazama nasaba yao. Wafasiri wengi wamesema kuwa hapo ndipo ilipoteremka aya ya 36 ya Suratul Ahzab, nao wakasikia na wakatii. Tunalitaja jambo hili kwa sababu kiburi kilichokuja kuvunjwa kwa ndoa ile ni kile kile tunachokisikia leo kwa anayeidharau sindano. Ndoa yenyewe haikudumu. Zayd alimwacha, na mwaka wa 5 wa Hijra (627) Mtume akamwoa kwa amri ya Mwenyezi Mungu, ili ibatilike desturi ya Waarabu ya kumhesabu mtoto wa kupanga kuwa sawa na mtoto wa kuzaa. Maadui wa dini wametunga hadithi nyingi juu ya ndoa hii. Yatosha kuwakumbusha kuwa Bibi Zaynab ni binti wa shangazi yake Mtume, aliyemjua tangu utotoni, na ni yeye mwenyewe aliyemwoza kwa Zayd. Katika karamu ya arusi yake alichinjwa kondoo, watu wakala mkate na nyama, na siku hiyo ndipo ilipoteremka aya ya hijabu.

Sasa tuje kwenye kazi yake. Mji wa Madina wa zama zile uliishi kwa ngozi, kama vile miji yetu ilivyoishi kwa mnazi. Kiriba cha maji kilikuwa cha ngozi, na ndoo ya kisimani, na viatu, na matandiko ya ngamia. Hata godoro la Mtume, kama ilivyothibiti kwa Bibi Aisha, lilikuwa la ngozi iliyojazwa nyuzi za mtende. Na ngozi mbichi si kitu cha kupendeza. Inanuka, hulowekwa, ikasuguliwa kwa mikono, ikatiwa dawa ya maganda ya mbegu za mgunga, kisha ikasuguliwa tena mpaka ilainike. Baada ya hapo hukatwa, ikatobolewa kwa mharazi, ile sindano nene ya washona ngozi, kisha ndio ikashonwa. Kazi hii yote Bibi Zaynab aliijua, kudabighi na kushona. Imo katika hadithi sahihi kuwa Mtume aliingia kwake siku moja akamkuta anaisugua ngozi yake. Basi hakuifanya kwa kujificha, wala Mtume hakumkataza.

Huenda mtu akasema kuwa alifanya hivyo kwa sababu ya njaa. Maisha ya nyumba za Mtume yalikuwa magumu kweli, na miezi ilipita moto usiwashwe. Lakini baada ya kufunguliwa Khaybar mwaka wa 7 (628), Mtume alikuwa akiwapa wakeze katika mavuno ya huko wasaki 80 za tende na wasaki 20 za shayiri. Hata hivyo Bibi Zaynab hakuitua ngozi chini. Alichokipata kwa kushona hakukiweka, alikitoa. Kuna tofauti kubwa baina ya mtu anayetoa kilichomzidi, na mtu anayekaa akafanya kazi kwa makusudi ili apate cha kutoa. Wa kwanza ana fadhila yake, hatumvunji moyo. Lakini Bibi Zaynab alikuwa wa pili, na yule anayewaambia mama zetu watoe fedha za waume zao hajaijua daraja hii.

Imepokewa vilevile kuwa alikuwa akisokota uzi akiwapa askari waliotumwa na Mtume, nao wakishonea nao na kuutumia katika safari zao. Tulipoisoma habari hii tulisimama hapo kwa muda. Bibi mmoja anasokota chumbani mwake, na mtu asiyemjua, aliye mwendo wa siku nyingi jangwani, anashonea kiriba chake kilichopasuka. Hakusubiri mpaka aweze kuifanya kazi nzima peke yake. Alifanya fungu lake, na mikono mingine ikamaliza. Ndivyo wanavyofanya mama zetu hao: mmoja anakata, wa pili anapiga bandi, wa tatu anashona, na wa mwisho anatia vifungo, wala hakuna ajuaye ni kanzu ipi aliyoishona nani.

Asidhani msomaji kuwa kazi ilimshughulisha na ibada. Alifunga sana na alisali usiku mrefu, hata akafunga kamba baina ya nguzo mbili msikitini ili ajishike anapochoka. Mtume alipoiona aliamuru ifunguliwe, na akafunza kuwa mtu asali akiwa na nguvu, akichoka akae. Wala hakuwa malaika. Alikuwa na ukali wa haraka uliokuwa ukitulia upesi. Aliyetueleza hayo ni Bibi Aisha, ambaye ndiye aliyekuwa akishindana naye kwa cheo mbele ya Mtume. Na Bibi Aisha huyo huyo ameshuhudia kuwa hakumwona mwanamke bora kuliko Zaynab katika dini, wala mcha Mungu zaidi, wala msema kweli zaidi, wala mwenye kuunga jamaa zaidi, wala mwenye kuichosha nafsi yake zaidi katika kazi ya kupatia sadaka. Bibi Aisha alikuwa na sababu ya kumshukuru. Aliposingiziwa uwongo, na hata Hamna, ndugu yake Zaynab, akaingia katika maneno hayo, Mtume alimwuliza Zaynab, naye akauzuia ulimi wake asiseme illa kheri. Penye mkusanyiko wa kushona ulimi nao huwa na nafasi yake, na habari hii ingefaa kusomwa hapo kabla sindano hazijatiwa uzi.

Mtume aliwaambia wakeze kuwa wa kwanza wao kumfuata ni yule mwenye mkono mrefu kuliko wote. Wao wakalichukua neno kwa dhahiri yake. Alipokwisha kufa Mtume mwaka wa 11 (632), walikuwa kila wakikutana wakinyosha mikono ukutani wakiipima. Bibi Zaynab alikuwa mfupi wa kimo, na mkono wake haukuwa ndio mrefu. Alipokufa yeye kwanza ndipo walipotambua kuwa urefu uliokusudiwa ni wa mkono wenye kufanya kazi na kutoa sadaka. Yako mapokezi yaliyomtaja Bibi Sauda mahali hapa, lakini wanavyuoni wa hadithi wamebainisha kuwa aliyekusudiwa ni Zaynab.

Baada ya Hija ya kuaga ya mwaka wa 10 hakupanda mnyama tena kusafiri, hata kwa Hija, kwa kushika neno la Mtume. Akabaki chumbani mwake na ngozi zake. Sayyidna Omar alipopanga mafungu ya Baitulmali alimpelekea dirhamu 12,000. Akadhani ni mali ya kugawanywa baina ya wake wote wa Mtume, akasema wenziwe wangeiweza kazi hiyo kuliko yeye. Alipoambiwa kuwa zote ni zake, aliamuru zimwagwe zifunikwe kwa nguo. Kisha akamwambia Barza binti Rafi aingize mkono chini ya nguo achote, apeleke kwa fulani na kwa fulani, katika jamaa zake na mayatima. Barza alipomkumbusha kuwa nao waliopo wana haki, akawapa kilichosalia chini ya nguo; wakakihesabu wakakuta dirhamu 85. Kisha akainua mikono kumwomba Mungu fungu la Omar lisimkute tena. Omar aliposikia alimpelekea dirhamu 1,000 nyengine aziweke kwa matumizi yake, nazo akazigawa.

Fungu halikumkuta tena. Alikufa mwaka wa 20 (641), umri wake yapata miaka hamsini na kitu. Sanda yake alikwisha kuiweka tayari mwenyewe, akausia kuwa ikiwa Omar ataleta sanda nyengine, basi moja itolewe sadaka. Omar alileta nguo tano, akakafiniwa kwa hizo, na Hamna akaitoa sadaka ile aliyoiweka nduguye. Asma binti Umays, aliyekuwa amehamia Habasha, alionyesha namna Wahabeshi walivyofunika majeneza ya wanawake, na la Bibi Zaynab likatengenezwa hivyo, Omar akalipenda kwa sitara yake. Omar alimsalia kwa takbira nne. Siku ilikuwa ya joto kali, akaamuru hema ipigwe Baqii juu ya wachimba kaburi, iwakinge na jua. Tunalieleza hili kwa makusudi, kwani ilikuwa kivuli cha wenye kufanya kazi, na wajengao makuba juu ya makaburi hawana hoja katika hema hiyo. Waliotelemka kaburini walikuwa jamaa zake, na pamoja nao Usama, mwana wa Zayd bin Haritha.

Hakuacha dirhamu wala dinari. Kilichobaki ni chumba chake kando ya msikiti wa Mtume, na baada ya miaka mingi, khalifa Walid bin Abdulmalik alipoupanua msikiti, mwaka wa 88 (707), warithi wake walikiuza kwa dirhamu 50,000. Chumba kikavunjwa, na pale alipokuwa akikaa na ngozi yake na mharazi wake pakaingia ndani ya msikiti.