Charles Dodds, profesa aliyetengeneza homoni ya kike ya kumeza

Edward Charles Dodds alizaliwa Oktoba 1899 mjini Liverpool, Uingereza. Alisomea udaktari katika hospitali ya Middlesex, London, na hakufikisha hata miaka thelathini alipokuwa profesa wa biokemia.

Wakati ule homoni ya kike, yaani estrojeni, ilikuwa adimu na ya bei kali. Ilichujwa kutoka mkojo wa wanawake wenye mimba. Na wenye kuihitaji walikuwa wengi, hasa akina mama waliokwisha kukoma hedhi. Homoni hiyo ikipungua mwilini, joto hupanda ghafla, uke hukauka, njia ya mkojo hudhoofika na vijidudu huishambulia mara kwa mara.

Mwaka 1938, Dodds pamoja na wenzake wa London na Oxford walitangaza stilbestroli, dawa ya kumeza yenye nguvu kama estrojeni. Kwa kuwa utafiti ulilipwa na pesa za serikali, hakuna aliyeiandikisha kuwa mali yake. Kila kiwanda kikaitengeneza, na bei ikashuka.

Dawa iliwapa nafuu akina mama wengi, pia wanaume wenye kansa ya prostate. Lakini tangu miaka ya 1940, madaktari wa Marekani waliwapa wanawake wenye mimba, wakiamini inazuia mimba kuharibika. Ajabu ni kwamba Dodds na wenzake walikuwa wameonyesha tangu 1938 kuwa dawa za aina hiyo hutoa mimba changa za wanyama. Mwaka 1953, utafiti wa Chicago ulionyesha kwamba haiwasaidii wajawazito. Hata hivyo iliendelea kuandikwa.

Mwaka 1971, madaktari wa Boston waligundua kansa ya uke, isiyo ya kawaida kwa vijana, kwa mabinti ambao mama zao waliimeza wakiwa na mimba. Mwaka huohuo serikali ya Marekani ilionya wajawazito wasipewe tena.

Dodds, aliyewahi kuongoza chuo cha kifalme cha madaktari mjini London kuanzia 1962 hadi 1966, alifariki Desemba 1973.

Leo mama aliyekoma hedhi na anayesumbuliwa mara kwa mara na maambukizi ya mkojo anaweza kupewa estrojeni kidogo ya kupaka ukeni. Lakini daktari ndiye humpima kwanza na kuiandika, maana dawa ya homoni inayomfaa mmoja inaweza kumdhuru mwingine.