Cheikh Anta Diop na methali ya mshika mbili

Kila wanafunzi wanapoketi kuchagua masomo, methali moja haikosi kutajwa: ile ya mshika mbili ambaye moja humponyoka. Mimi nilipewa methali hiyo nikiwa kidato cha tatu, siku nilipomweleza mwalimu wangu kwamba nazipenda Fizikia na Historia kwa kiasi kimoja. Nilitii. Fizikia nikaiaga, na hadi leo nafundisha Historia na Kiswahili.

Muhula uliopita alinijia msichana wa Gredi ya 10 na tatizo lile lile. Mfumo mpya wa elimu umewagawa wanafunzi wa sekondari ya juu katika njia tatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; sayansi za jamii; kisha sanaa na michezo. Binti huyo anataka kuwa mhandisi, lakini hakubali kuachana na historia na lugha. Kidogo tu nimrudishie methali ile niliyopewa mimi. Nilijizuia, nikamsimulia badala yake maisha ya Cheikh Anta Diop wa Senegal, maisha ambayo nawaomba walimu wenzangu nao wayatafakari.

Diop alizaliwa tarehe 29 Desemba 1923 katika kijiji cha Caytu, eneo la Diourbel. Alilelewa katika mazingira ya Kiislamu, akaanzia chuo cha Kurani, kisha akaingia shule ya Wafaransa waliokuwa wakiitawala nchi yake. Mnamo 1945 alihitimu masomo ya sekondari mara mbili katika mwaka mmoja: kwanza kwa upande wa hisabati, kisha kwa upande wa falsafa. Mapema hivyo, kijana huyu alikwisha kukataa kuchaguliwa upande.

Mwaka 1946 aliwasili Paris akiwa na nia ya kuwa mhandisi wa ndege. Alijiandikisha katika darasa la hisabati ya juu katika shule ya Henri-IV, ambalo ndilo mlango wa vyuo vya uhandisi nchini Ufaransa. Papo hapo akajiandikisha Sorbonne kusoma falsafa. Shahada ya falsafa aliipata mwaka 1948, na mwaka huo huo jarida la Présence Africaine likachapisha utafiti wake kuhusu lugha ya Kiwolofu. Alipoimaliza falsafa hakutulia. Aliingia kitivo cha sayansi, na kufikia 1950 alikuwa na vyeti viwili vya kemia. Baadaye alijifunza mambo ya nyuklia katika maabara ya Collège de France iliyoongozwa na Frédéric Joliot-Curie, huku akijipatia riziki kwa kufundisha fizikia na kemia katika shule za sekondari za Paris.

Hapa mtetezi wa methali atasema kwamba uhandisi wa ndege ulimponyoka. Ni kweli, Diop hakuunda ndege hata moja. Lakini tuangalie alichokuwa akikitafuta katika madarasa hayo yote. Alikuwa na swali moja lililomkosesha usingizi: Waafrika ni nani katika historia ya ulimwengu, na Misri ya mafirauni ni ya nani? Swali hilo lilidai lugha, kwa sababu alitaka kulinganisha Kimisri cha kale na Kiwolofu. Lilidai historia na elimu ya jamii. Lilidai pia kemia na fizikia, kwa sababu umri wa mabaki ya kale hauthibitishwi kwa ufasaha wa maneno.

Gharama ya kuuliza swali hilo haikuwa ndogo. Tasnifu yake ilikosa jopo la wataalamu walio tayari kuisikiliza. Mwaka 1954 hoja zake zikatoka kama kitabu, Nations nègres et culture, kilichozua mabishano makali. Ni tarehe 9 Januari 1960 tu alipofaulu kuitetea tasnifu mbele ya jopo, akatunukiwa udaktari wa daraja ambalo halikumfungulia mlango wa kufundisha chuo kikuu. Mtu aliyesoma fizikia, kemia, falsafa, isimu na historia alirudi Dakar mwaka huo wa uhuru akiwa hana darasa la chuo la kufundisha.

Ndipo alipofanya jambo linalonigusa kuliko yote. Akiwa katika taasisi ya utafiti ya IFAN mjini Dakar, alianza kujenga maabara ya kupima umri wa vitu vya kale kwa kaboni 14. Mbinu hiyo ilikuwa bado changa. Willard Libby wa Chicago, aliyeivumbua, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1960. Kila kiumbe kinapoishi huingiza mwilini kaboni hiyo yenye mnururisho. Kikifa, uingizaji hukoma na kiasi kilichobaki huanza kupungua, kikipungua nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi. Anayetaka kujua umri wa kipande cha mkaa kutoka katika jiko la kale sharti akisafishe kikemia, kisha ahesabu mapigo hafifu ya mnururisho kwa mitambo iliyokingwa isivurugwe na mnururisho wa kawaida unaotuzunguka. Kazi hiyo ina kemia, elektroniki na ujenzi, na jibu linalotoka ni tarehe ya mwanahistoria. Kufikia 1966 maabara ilikuwa ikifanya kazi. Mwaka huo huo, katika Tamasha la kwanza la Dunia la Sanaa za Watu Weusi mjini Dakar, Diop alituzwa pamoja na W. E. B. Du Bois kwa kuathiri fikra za watu weusi katika karne ya 20.

Maabara haikumfungia ndani. Katika kitabu chake cha 1960 kuhusu misingi ya dola la shirikisho la Afrika, alijadili katika kurasa za kitabu kimoja lugha ya pamoja ya bara na vyanzo vya nishati: maporomoko ya mto Kongo, jua, upepo, bahari na joto la ardhini. Kwake umeme na lugha vilikuwa nyenzo za taifa lile lile. Aliunda vyama vya siasa, akafungwa jela kwa muda mwaka 1962. Mnamo 1975 alichapisha kazi iliyoeleza kwa Kiwolofu nadharia ya seti, fizikia na relativiti ya Einstein, ili kukomesha dhana kwamba lugha zetu haziwezi kuibeba sayansi. Sisi tunaofundisha kwa Kiswahili tuna deni kwake kwa hilo.

Sisemi kwamba alipatia kila kitu. Mwaka 1974 UNESCO iliwakutanisha wataalamu mjini Cairo, na Diop, akiwa bega kwa bega na Théophile Obenga, akazitetea hoja zake. Wengi waliohudhuria hawakukubaliana naye kuhusu asili ya wakazi wa Misri ya kale, na wanaisimu wengi hadi leo wanautilia shaka uhusiano alioudai kati ya Kimisri na Kiwolofu. Hata hivyo, sura yake iliwekwa ya kwanza katika juzuu ya pili ya Historia Kuu ya Afrika ya UNESCO. Aliyempinga alilazimika kuja na ushahidi, na hiyo ni heshima ambayo msomi hapewi bure.

Mwaka 1981 ndipo hatimaye alipopewa kiti cha kufundisha historia katika Chuo Kikuu cha Dakar. Alifariki tarehe 7 Februari 1986. Mwaka uliofuata chuo hicho kikapewa jina lake, jina la mtu ambaye kwa miaka 20 hivi kilikuwa hakina nafasi ya kumwajiri.

Nimejifunza nini? Kwamba methali ya mshika mbili inamhusu mtu anayeshika vitu viwili visivyohusiana, kila kimoja kikimvuta kwake. Diop alishika swali moja, na swali lenyewe likamtuma maabara na maktaba. Hivyo basi, mwanafunzi anayetamani uhandisi na historia asiulizwe ataacha lipi. Aulizwe anataka kujua nini. Akikosa jibu, huenda methali ikamfaa. Akiwa nalo, ni wajibu wetu kumfungulia milango yote miwili, na vyuo vyetu vikuu navyo vimpe mhandisi historia na lugha za kusomwa kwa dhati, siyo somo moja la kupitisha muda.

Binti yule alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia kuwa angependa kujua wazee wa kwao walichimbaje mifereji ya kupeleka maji mashambani. Nilimwelekeza kwa mwalimu wa Fizikia, nami nikaanza kumtafutia vitabu vya historia.